Nyoka wa Musa

Kwa miaka mingi nilikuwa mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji jijini Mwanza. Ikifika Oktoba, kazi nyingine zote zilikaa kando zikapisha kalenda za makanisa. Huduma, sharika, kwaya, vikundi vya maombi, kila mmoja alitaka kalenda yake iwe mkononi kabla ya mkesha wa mwaka mpya. Mteja alikuja na picha kwenye simu na neno la mwaka kwenye kikaratasi, akavuta kiti, tukapanga pamoja.

Huduma moja niliichapia tangu ilipokuwa ikisali kwenye darasa la shule ya msingi. Kalenda yao ya kwanza ilikuwa na msalaba katikati, aya ya Zaburi juu yake kwa herufi kubwa, na chini kabisa namba ya simu ya mchungaji. Iliyofuata waliomba picha ya mchungaji iwekwe pembeni, ndogo, ukubwa wa pasipoti. Baadaye picha ikahamia katikati na mama mchungaji akaongezwa. Kisha mchungaji akawa nabii, nabii akawa mtume, na kila cheo kilipopanda, kijana aliyeleta kazi aliniambia, "Dada, hiyo sura ya baba ivute kidogo ijae." Sura ikijaa, lazima kitu kingine kipungue. Msalaba ulipunguzwa, halafu ukaondolewa kwa sababu ulikuwa unakata bega la koti lake. Aya ikashuka hadi karibu na jina la kiwanda, kwa herufi ambazo mtu wa umri wa mama yangu hawezi kuzisoma bila miwani.

Hakuna siku ambayo watu wa huduma ile walikaa kikao wakaamua mtume wao achukue nafasi ya Mungu. Wangeambiwa hivyo, wangelia machozi ya kweli. Walimpenda mtu aliyewaombea wagonjwa wao, aliyekesha nao kwenye misiba, aliyewatoa vijana wao kwenye pombe. Nilikuwa nawafahamu baadhi yao na nilijua wema aliowatendea. Upendo wao ulikuwa na sababu, na hilo ndilo linalonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito mkubwa. Mtu hatekwi na kitu kisicho na maana. Anatekwa na kitu ambacho Mungu alikitumia kweli kumsaidia.

Nililelewa na mtu ambaye kalenda ya namna ile isingepata msumari nyumbani kwake. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mwanamke wa Uamsho, huko Muleba mkoani Kagera. Wasomaji wa Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji kuelezwa Uamsho ni nini. Kwa wengine nitasema kwa kifupi. Mwaka 1929, jijini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja, wote wawili wakiwa wamechoshwa na ukavu wa kanisa na wa mioyo yao. Moto ule ulishika katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Bukoba hadi Kenya. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina. Waliokuwa wameiba walirudisha walichoiba. Wamisionari Wazungu nao walisimama wakaungama mbele ya Waafrika waliowatumikia, na katika enzi ile ya ukoloni hilo halikuwa jambo dogo.

Kinachonivuta zaidi katika habari ile ni kwamba wale watu hawakujenga kanisa lao. Walibaki Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, Wamethodisti, kila mmoja katika usharika wake, lakini walikutana pia kama ndugu. Hakukuwa na makao makuu wala mwasisi wa kutundikwa ukutani. Bibi alisimulia kuwa ndugu akihubiri kwa nguvu mpaka watu wakaanza kumfuata yeye, wenzake walimwita kando wakamwuliza habari za moyo wake, bila kumwonea haya. Josia Kibira, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Walutheri wa Bukoba mwaka 1964, alikuwa mtu wa Uamsho. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Bibi alimheshimu mno. Alipomtaja alisema "ndugu yetu Kibira", kwa sauti ileile aliyomtajia mama muuza ndizi aliyeongoza ushirika wao wa Alhamisi.

Sitawapamba kupita kiasi. Uamsho nao uliangukia mlemle ulimokuwa ukiwatoa watu. Walikuwapo waliofikia kupima wokovu wa mwenzao kwa hereni na mtindo wa nywele, na ndugu waligawanyika juu ya nani ameamka zaidi ya nani. Bibi alipofika hapo katika masimulizi yake alikuwa ananyamaza, anachochea moto, halafu anahamia habari nyingine. Nadhani jambo hilo lilimwuma kuliko misiba yake mingi.

Hadithi ya Biblia aliyoirudia zaidi ni ambayo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Katika kitabu cha Hesabu, Waisraeli wanaumwa na nyoka jangwani, na Mungu anamwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba amtundike juu ya mti, ili aliyeumwa amtazame apone. Wengi tunaijua hadi hapo, maana Injili ya Yohana inaitumia kumhusu Kristo. Sehemu ya pili iko mbali, katika Wafalme wa Pili sura ya 18. Karne nyingi zimepita. Nyoka yule bado yupo, ametunzwa, na watu wa Mungu wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia anamchukua anamvunja vipande vipande.

Nikiwa mtoto nilimwonea huruma yule nyoka. Nilipokua ndipo nilianza kumwonea huruma Hezekia. Kubomoa nguzo za Baali kulikuwa na ugumu wake, lakini Baali alikuwa mungu wa jirani. Nyoka yule alikuwa na historia safi. Mungu ndiye aliyemwagiza, Musa mwenyewe ndiye aliyemtengeneza, na watu walipona kweli. Fikiria mzee wa Yerusalemu anamfuata mfalme na kumwambia: babu wa babu zangu aliumwa na nyoka, akamtazama huyu, akapona, ndiyo maana mimi nipo, wewe unavunja nini? Mfalme atamjibu nini mtu huyo? Ushuhuda wake ni wa kweli. Kosa halikuwa katika kilichotokea jangwani. Lilikuja pale chombo kilipobaki mkononi, na aliyekitumia akasahauliwa.

Jambo kama hilo nililiona mwenyewe Machi 2011, nilipompeleka mama yangu Loliondo. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu, na nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za kikombe. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kwa wote kama Babu, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya mizizi ya mti wa mugariga, na huko, katika kijiji cha Samunge, alikuwa anawanywesha watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na walikwenda mawaziri. Tulipitia Mugumu, na kabla hatujafika kijijini gari letu lilisimama nyuma ya foleni ambayo mwisho wake hatukuuona. Tulilala ndani ya gari. Wagonjwa wengine walilala kwenye nyasi, na wapo waliofia kwenye foleni ile kabla ya kufika kwa mzee. Mbele yetu alikuwapo mama kutoka Shinyanga, mwanawe wa kiume ana plasta ya dripu mkononi, wametoka naye wodini moja kwa moja.

Usiku ule niliyasikiliza mazungumzo ya foleni mpaka asubuhi. Babu ameota, Babu amesema, Babu akikupa kikombe umepona. Mtu mmoja aliuliza kama tusingefanya ibada fupi, tuombe, maana tumekuja kwa ajili ya uponyaji wa Mungu. Wachache tulisimama. Wengine waliogopa kuacha nafasi zao kwenye foleni. Tulipofika mbele, mzee mwenyewe, amechoka, macho mekundu, alikuwa anarudia kuwaambia watu kwamba anayeponya ni Mungu na kwamba ni suala la imani. Nilimsikia kwa masikio yangu. Ila pia alisema dawa haifanyi kazi ikitolewa na mkono mwingine, na sentensi hiyo ndiyo watu waliyoondoka nayo.

Simhukumu. Alifariki mwaka 2021, na Mungu anamjua. Nilichokiona pale ni kwamba mtu anaweza kugeuzwa kitu cha kuabudiwa huku yeye mwenyewe anapinga kwa mdomo wake. Kutoweka kwa jina la Mungu katika foleni ile hakukutoka kwake peke yake. Kulitoka kwetu, tuliotaka kitu cha kushika, kikombe, mkono, uso. Mama alikunywa kikombe chake, tukarudi, na dada yangu ambaye ni muuguzi alisimama kidete Mama asiache vidonge hata siku moja. Wako watu waliorudi kutoka Samunge wakaacha dawa, wakiwamo wenye virusi vya UKIMWI, kwa sababu kuendelea kunywa vidonge waliona ni kumtilia Babu shaka. Walikuwa na hofu ya kumkosea Babu.

Hofu ndiyo kipimo ninachokiamini. Nikitaka kujua moyo wangu umeegemea wapi, najiuliza naogopa kumkosea nani. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu walikanyagana kwenye ibada wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Watu 20 walikufa, wakiwamo watoto. Waliokimbia walikuwa waumini wa kawaida, mama zangu na dada zangu, walioaminishwa kwamba baraka ya leo imemwagwa pale sakafuni na asiyeikanyaga ameikosa. Mungu ambaye Bibi alimwomba akiwa kwenye migomba, amepinda mgongo na jembe mkononi, hakuwa na sakafu ya kukimbiliwa.

Tulioishi karibu na mpaka wa Uganda tulijifunza mapema njia hii inaishia wapi. Machi 17, 2000, huko Kanungu, kanisa lilifungwa na kuchomwa moto na mamia ya wafuasi wa kikundi kilichojiita cha kurejesha Amri Kumi za Mungu wakiwa ndani. Redio iliitaja Kanungu siku baada ya siku, na makaburi mengine yakaendelea kufukuliwa. Kikundi kile kilidai kushika amri ambazo ya kwanza kati yake inakataza kuwa na mungu mwingine, huku wafuasi wake hawakuruhusiwa kuuliza swali mbele ya viongozi wenye maono. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Majina ya mahali yanabadilika. Kila mara kuna mtu mmoja ambaye neno lake halipimwi.

Sasa niseme wazi, maana wapo watakaodhani natetea kudharau watumishi. Nawaheshimu. Mchungaji aliyemzika baba yangu alitembea kwenye mvua kutoka mtaa wa pili, viatu mkononi, na hadi leo nikimwona nasimama. Waraka kwa Waebrania unaagiza tuwakumbuke waliotuongoza, tuiige imani yao, na mimi nautii. Kuheshimu hakuna tatizo. Ninachokitazama ni mtumishi anafanya nini heshima inapovuka mpaka. Huko Listra, Matendo sura ya 14, Paulo, akiwa na Barnaba, alimponya kiwete, na watu wakaamua Barnaba ni Zeu na Paulo ni Herme, wakaleta ng'ombe na mashada ya maua wawatolee dhabihu. Mitume wale walirarua mavazi yao, wakakimbilia katikati ya watu wakipiga kelele kwamba nao ni wanadamu tu. Hawakungoja ibada iishe ndipo warekebishe. Na muda si mrefu, umati uleule ukashawishiwa, na Paulo akapigwa mawe. Anayewanyima watu sanamu wanayoitaka hulipa gharama, na hiyo inaeleza kwa nini wengi huona heri wanyamaze wapokee mashada.

Jirani yetu mtaani Nyakato, mzee Mwislamu aliyekuwa fundi cherehani, tulizungumza naye sana mambo haya nikimngojea amalize sare za watoto. Ndiye aliyenisimulia jinsi Mtume Muhammad alipofariki mwaka 632 baadhi ya maswahaba, Omar akiwa mmoja wao, hawakuweza kukubali, na Abubakar akasimama akawaambia watu kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Mungu ajue Mungu yu hai. Mzee aliniambia maneno yale yalisemwa na rafiki wa karibu kuliko wote, siku ya majonzi kuliko zote. Nimeyafikiria mara nyingi. Aliyependa zaidi ndiye aliyekuwa na nguvu ya kutenganisha.

Kuhusu watu, naona wengi tumeanza kushtuka. Kuhusu taasisi bado tumelala. Mtu anaweza kumcheka jirani yake anayebusu stika ya nabii, huku yeye mwenyewe yuko tayari kumtoa mtu sadaka ili jina la kanisa lisichafuke. Hilo nimeliona katika usharika ambako nilisali miaka mingi, kanisa la zamani, lenye katiba, mabaraza na mihuri.

Mweka hazina msaidizi alikuwa binti aliyemaliza chuo cha uhasibu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mtulivu. Alipokuwa anaandaa taarifa ya mwaka aliona fedha za ujenzi zilizochangwa na akina mama kwa kuuza vitumbua na maandazi hazilingani na risiti. Alimwuliza mchungaji kwa adabu, faraghani. Hakujibiwa. Akaandika barua kwa baraza la wazee. Ndani ya mwezi alikuwa ameondolewa kwenye hazina, na kwenye kwaya aliambiwa apumzike kwanza. Wazee, watu wazima niliowaheshimu na ninaowaheshimu bado, walimwita wakamwambia funika kombe mwanaharamu apite, kwani wapinzani wa kanisa wakisikia watasema nini. Mmoja alimkumbusha Daudi aliyekataa kumnyooshea Sauli mkono kwa kuwa Sauli ni masihi wa Bwana.

Hoja hiyo ya Daudi na Sauli imefunga midomo ya watu wengi, na inaniumiza kila ninapoisikia. Daudi alikataa kumuua Sauli. Mkuki ulikuwa umechomekwa ardhini na mtu amelala mbele yake. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuuliza risiti. Na Daudi huyohuyo alipokuwa yeye ndiye mfalme, yeye ndiye mtiwa mafuta, nabii Nathani aliingia ikulu akamwambia usoni kwamba yeye ndiye mtu aliyetenda uovu. Daudi hakumwambia Nathani asimguse. Alisema ametenda dhambi. Wanaoisoma sura ya Sauli na kuiruka ya Nathani wanajenga ukuta ambao Daudi hakuwa nao.

Yule binti alikonda. Wenzake wa kwaya waliacha kumsalimia wakidhani ni mwasi. Alinieleza kuwa kilichomtesa zaidi ni maombi: kila alipopiga magoti aliona uso wa mchungaji, na hakujua kama Mungu yuko upande wake au upande wa muhuri. Nilipomsikia nilielewa ubaya wote wa jambo hili. Kanisa lililofundisha mtoto kuomba lilikuwa limejisimika katikati ya mtoto huyo na Mungu wake. Tuliomba pamoja mara kadhaa, sebuleni kwangu, na nilimsihi aombe kwa maneno machache, kama Bibi alivyoomba, akimwita Baba na kumweleza hali, basi.

Jambo lile lilifika mkutano mkuu wa usharika. Mwenyekiti alipotaka kupita juu ya taarifa ya fedha, alisimama mama mmoja wa kitenge, mchoma vitumbua, mjane, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza hadharani. Alisema fedha ile yeye aliitoa kwa Mungu, hakuitoa kwa mchungaji wala kwa jengo, kwa hiyo anaomba isomwe mbele za Mungu, mstari kwa mstari. Palikuwa na miguno. Mzee mmoja akamwambia analeta aibu kwenye nyumba ya Bwana. Mama akajibu kwamba nyumba ya Bwana ilishabomolewa na Bwana akabaki, akaketi. Sijui kama alikuwa anafikiria hekalu lililochomwa na Wababeli mwaka 586 KK, na Danieli aliyeendelea kusali ugenini mara tatu kwa siku bila hekalu, bila madhabahu, bila kuhani, au kama alisema tu alichokijua. Taarifa ilisomwa. Ilichukua muda mrefu, na upungufu ulionekana kwa kila aliyekuwapo.

Mchungaji alihamishwa. Baadhi ya familia ziliondoka, wengine kwa kumfuata yeye, wengine kwa hasira kwamba kanisa limevuliwa nguo. Matoleo yalipungua, ujenzi ukasimama kwenye linta kwa muda mrefu. Binti hakurudi kwetu. Anasali kwenye mtaa mdogo nje ya mji, na ameanza tena kuimba. Jumapili iliyofuata mkutano ule hatukuwa na mchungaji. Aliongoza mwinjilisti wa mtaa, mtu wa sauti ndogo, na somo alilolichagua lilikuwa Yeremia sura ya 7, pale nabii anaposimama langoni kuwaambia waabudu wasijitumainie jengo, waende Shilo wakaone kilichobaki. Alilisoma lote. Kisha akatuambia tusimame tuombe, kila mtu kwa maneno yake, na kwa dakika nyingi hakuna aliyeshika kipaza sauti.